Picha za kale za wanawake wa rodeo: kwa nini vikuku vimeungwa kwa mshipi chini ya tumbo la farasi?

Mdadisi wa Picha:
Wakuu, salaam. Kuna picha za wanawake wa rodeo (mashindano ya wachunga ng'ombe) wa Marekani, za miaka ya 1910 na 1920, wakiwa juu ya farasi wakorofi, wale wanaorukaruka kumwangusha mpandaji. Ukiikuza picha unaona mshipi umepita chini ya tumbo la farasi, umekiunga kikuku (kile cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko) cha kushoto na cha kulia. Wanaume kwenye picha hizo hizo hawana. Ulisaidia nini? Na je, ndio uliomuua mpandaji Bonnie McCarroll, aliyepata ajali kwenye rodeo ya Pendleton mwaka 1929?

Hatamu Mkononi:
Mkuu, anza na kikuku huru. Kinaning'inia kwa ukanda wake, kinakwenda na mguu mbele na nyuma. Farasi akitua kwa miguu ya mbele, mpandaji anapeleka nyayo mbele kwenye mabega yake. Farasi akijikunja kuruka tena, miguu inarudi nyuma. Ukichelewa nusu mwendo tu, kikuku kinakuponyoka na umekwisha.

Mshipi unaua mchezo huo wote. Vikuku vinakuwa kama vimepigiliwa mbavuni mwa farasi, nawe unavikanyaga na kubana magoti. Kukaa juu kunakuwa rahisi, hilo halina ubishi. Gharama yake unaiona farasi anapoanguka: kikuku huru kingefuata mguu nje na kuuachia, lakini kilichofungwa hakiendi popote. Mguu ukishazama mpaka kisiginoni, unaburutwa.

Jambo jingine, tazama mikono. Baadhi ya mashindano yaliwaruhusu wanawake kushika kamba mbili zilizofungwa kichwani mwa farasi, mwanaume akishika moja nene, mkono wa pili hewani. Kamba hiyo hupimwa kabla ya kutoka zizini: unaivuta hadi kwenye tandiko, unaweka ngumi nyuma ya kifua cha tandiko (sehemu yake ya mbele iliyoinuka), unanyoosha kidole gumba, unashika hapo kinapoishia. Ukishika fupi, farasi akiinamisha kichwa anakuvuta mbele juu ya shingo. Ukishika ndefu, huna cha kuegemea, unamwagika kwa nyuma.

Kisigino cha Buti:
Nyongeza: si wote walifunga. Fannie Sperry wa Montana alipanda na vikuku huru, na ndiye aliyetwaa taji la wanawake huko Calgary, Kanada, mwaka 1912. Farasi aliyepangiwa kwa kura ni Red Wing, ambaye siku chache kabla alikuwa ameua mpandaji mwanaume. Alipata dola 1,000, tandiko na kishikizo cha dhahabu cha mkanda. Kwa hiyo ile hoja kwamba mwanamke hawezi bila mshipi ilishajibiwa miaka 17 kabla ya ajali ya Pendleton.

Bonnie alipanda Black Cat huko Pendleton, Oregon, Septemba 1929, vikuku vimefungwa. Farasi alianguka naye, akainuka na kuendelea kuruka, mguu wa Bonnie ukiwa bado umenasa. Alifariki hospitalini siku kadhaa baadaye.

Mdadisi wa Picha:
Kwa hiyo kama vingekuwa huru angepona? Na ndiyo sababu wanawake walitoweka?

Hatamu Mkononi:
La kwanza hakuna anayeweza kuapa. Farasi mzima akikulalia, kikuku huru hakikuondolei uzito wake. Kinachokuondolea ni kule kuburutwa baadaye.

La pili, hapana, si ajali peke yake. Pendleton waliwaondoa wanawake kwenye farasi wakorofi baada ya pale. Lakini mwaka huo huo wa 1929 waandaaji wa rodeo walianzisha chama chao, na ratiba zao hazikuwahesabia wanawake nafasi. Mdororo wa uchumi ukabana zawadi, kisha Vita vya Pili vya Dunia. Angalia pia kwamba wanaume nao walikufa viwanjani, na hakuna aliyependekeza wanaume waache.

Pipa la Tatu:
Na wanawake wenyewe hawakukaa kusubiri. Februari 1948, wanawake 38 walikutana San Angelo, Texas, wakaunda chama chao. Ndicho kilichoukuza mchezo wa mapipa mnaouona leo, mbio za farasi za kuzunguka mapipa kwa muda mfupi kabisa: mapipa matatu ya lita 200 hivi, la kwanza na la pili yakiwa mita 27.4 kutoka moja hadi jingine, la tatu mita 32 kutoka kila moja, na mstari wa kuanzia mita 18.3 kabla ya yale mawili. Unalizunguka moja kulia na mawili kushoto, au kinyume chake. Ukiangusha pipa unaongezewa sekunde 5. Ukikosea njia, muda wako haupo.

Mapipa mengi huangushwa na macho ya mpandaji. Ukilikodolea pipa, mwili unalala upande wake, na farasi anaangusha bega la ndani kabla hajafika. Tazama ardhi unayotaka akanyage, ingia kwa mbali kidogo na utoke karibu. Lijamu si ya kumgeuzia: mwaka 1985, kwenye fainali za taifa za rodeo za Marekani, mikanda ya kichwani ya Scamper, farasi wa mpandaji Charmayne James, ilifunguka wakiwa mbioni. Farasi akamaliza mapipa bila kuongozwa kwa hatamu, na wakashinda mbio za usiku ule.