Kutoa nozeli mwenyewe nyumbani au kuiachia gereji: petroli na dizeli

Mkwaju_IST
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota IST, injini 1NZ-FE. Ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) inamisi na kutetemeka, ukikanyaga mafuta inatulia. Plagi ni mpya. Koili nimezibadilishana nafasi, tatizo likabaki silinda namba tatu, kwa hiyo nashuku nozeli, kile kifaa kinachopuliza mafuta kwenye injini. Fundi mmoja anataka azitoe zote zikasafishwe kwa mashine, mwingine anasema nimwage dawa kwenye tenki. Mimi natamani nizitoe mwenyewe. Lipi lina faida?

BintiSpana
Kaka, dawa ya tenki inasaidia nozeli iliyoanza tu kuchafuka. Iliyoziba mpaka silinda inamisi, utamaliza chupa na hali ile ile. Kwanza chomoa soketi ya namba tatu upime kwa mita. Za 1NZ husoma kama ohm 13 hadi 14. Ikisoma mbali na hapo imekufa kwa umeme, kuisafisha ni kupoteza hela, nunua nyingine. Ikiwa sawa, itoe.

Kwa injini hiyo kazi inafanyika nyumbani, maana nozeli inamwaga petroli kwenye njia ya hewa na haikutani na moto wa silinda, kwa hiyo haigandi. Kitakachokuumiza ni presha, kama bar 3. Injini ikiwa ya baridi, chomoa relei ya pampu ya mafuta, washa gari liungurume mpaka lizime lenyewe, halafu toa waya hasi wa betri. Hata hapo petroli kidogo itamwagika, weka kitambaa. Fanyia nje, mbali na jiko, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

Puliza mchanga wote kabla ya kufungua. Reli, yaani bomba linalogawia nozeli mafuta, inatoka pamoja na nozeli zake nne. Ziba matundu kwa kitambaa safi papo hapo.

dereva_wa_Makambako
Dada kamaliza. Naongeza oringi, vile vipete vya mpira vinavyozuia mafuta kuvuja: weka mpya zote, usirudishe za zamani hata zikionekana nzima. Zipake petroli kidogo ziteleze. Nozeli ikishakaa, izungushe kwa vidole. Ikigoma kuzunguka, oringi imejikunja. Itoe uanze upya, maana hapo ndipo petroli itavujia juu ya injini yenye moto.

Hiace_ya_Mzee
Shikamooni wakubwa. Na mimi Hiace yangu ya dizeli, injini 1KD, nifuate njia hiyo hiyo?

FundiDizeli
Marahaba. Hapana mwanangu, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Reli ya dizeli inabeba zaidi ya bar 1,000. Usilegeze paipu injini ikiwaka, na usitafute uvujaji kwa mkono: dizeli ya presha ile inatoboa ngozi, na mtu akipigwa nayo anawahishwa hospitali hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Pia nozeli yako imekaa hadi ndani ya silinda. Washa (kipete) ya shaba iliyo chini ya nozeli ikichoka, moshi unapanda, masizi yanaigandisha nozeli kama lami. Kwenye 1KD masizi hayo hushuka mpaka kwenye oili na kuziba chujio la pampu yake, injini ikafa kwa kukosa oili. Ukiona weusi kuzunguka nozeli, usisubiri.

dereva_wa_Makambako
Kuna wanaolegeza kishikizo, wanawasha gari, kompresheni inairusha nozeli nje.

FundiDizeli
Naipinga kwa nguvu zote. Chuma kile kinaruka kama risasi. Nyumbani mwisho wako uwe kumwaga mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, kisha kuizungusha taratibu kwa spana kushoto na kulia. Ikigoma, gereji yenye kifaa cha kuvutia nozeli nje. Ukiipiga nyundo itakatika, na hapo silinda hedi itashuka. Ukiweka mpya, namba zake ziingizwe kwenye kompyuta ya gari.

BintiSpana
Wenye Noah za D-4 wajihesabu upande wa fundi. Ni petroli, lakini inamwaga ndani ya silinda kwa presha kubwa.

Mkwaju_IST
Nimepima: tatu zinasoma 13.8, namba tatu haisomi kitu. Nanunua moja na oringi za zote nne. Nikimaliza kufunga, nawasha moja kwa moja?

BintiSpana
Rudisha relei na betri, piga stata kidogo, acha, kagua kila nozeli kwa tochi. Kwenye Toyota nyingi za umri huo pampu haisukumi mpaka stata izunguke, kwa hiyo swichi peke yake haitakuonyesha uvujaji. Pakiwa pakavu, washa.