MJADALA: Kikao cha ukoo kabla ya kufungua mirathi, kiondolewe?

Binti wa Muleba: Wakuu, baba alifariki mwezi wa tatu. Cheti cha kifo cha RITA tunacho, lakini Mahakama ya Mwanzo wanataka muhtasari wa kikao cha ukoo. Baba mdogo hasaini mpaka aandikiwe shamba la migomba. Kikao hiki kina faida gani zaidi ya kumpa mtu mmoja rungu?

Kandambili: Pole kwa msiba. Kisiondolewe. Bila kikao, watoto wa nje watajulikanaje? Wajane wengine wa mjini matanga hayajaanuliwa wameshaita dalali.

Mama Tabata: Wajane gani? Mume wangu alizikwa Jumamosi, Jumatatu shemeji zangu wakabeba friji na godoro nililolalia. Nilikuwa na mtoto wa miezi 7 mgongoni. Huyo dalali nilimwita lini? Futa maneno yako.

Kandambili: Sikukutaja wewe, mama. Nasema niliyoyaona kwetu.

Mama Tabata: Umesema wajane. Mimi ni mjane.

Mla Makande: Msimshambulie. Sheria ya mila ile ya 1963 inasema mjane hana fungu kama ndugu wa mume wapo, atatunzwa na watoto wake.

Binti wa Muleba: Na Jaji Mwalusanya 1990, kesi ya kwetu Kagera? Alisema mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume.

Mla Makande: Yule mwanamke aliachiwa ardhi kwa wosia. Baba yako aliacha wosia?

Binti wa Muleba: Usimwingize baba yangu kwa sauti hiyo.

Karani Mstaafu: Tulieni. Muhtasari ni mazoea, hakuna kifungu kinachoulazimisha. Binti, mama ajaze Fomu namba 1, ya kuomba usimamizi wa mirathi, aeleze kwamba shemeji amegoma. Tangazo litatolewa, mwenye pingamizi aje kwa hakimu. Na msimamizi si mrithi! Anakusanya mali, analipa madeni, anagawa. Ndani ya miezi 4 anapeleka orodha ya mali na madeni, Fomu namba 5.

Mla Makande: Miezi 6.

Karani Mstaafu: 6 ni ya Sura 352, sheria ya mirathi ya mahakama za juu. Mahakama ya Mwanzo ni 4.

Mama Tabata: Msimamizi wetu ni shemeji yule yule, mwaka wa nne sasa. Fomu namba 5 naisikia leo. Kandambili, bado hujafuta.