Kikundi cha ukoo, Langoni, Lamu: Ami Abdalla katoka ICU (wodi ya mahututi), mbona hajawa mwenyewe?

*Ijumaa, baada ya Isha*

Omar: Assalaam alaykum jamaa. Nauliza kwa uzuri, nisilaumiwe. Baba katoka hospitali Mombasa tangu kabla ya mwezi kuandama. Nimonia imekwisha, mapafu yamepigwa picha wakasema safi. Mbona ngazi za juu hazipandi? Leo kainuka kwenda msalani akaanguka mlangoni. Hakuumia, alhamdulillah. Nikipita usita wa mui kila mtu aniuliza "mzee kapona?" Nami sina jibu.

Swaleh: Pole sana Omar 🤲

Ami Shee: Waalaykum salaam. Pole mwanangu. Mimi nilimwona juzi, nikaona kazoea kitanda. Mwili ukilazwa sana huwa mzito. Mpelekeni Matondoni akaone jahazi lake alivyoliacha nusu. Akisikia harufu ya mbao na mafuta ya sifa atainuka mwenyewe.

Mwanaisha: Ami, niwie radhi. Hakuzoea kitanda. Usiku halali kabisa. Asema akifumba macho awaona wale watu.

Shangazi Mwanamize: Watu gani?

Mwanaisha: Asema kule hospitali walimfunga mikono, wakampakia mashuani usiku, wataka kumtosa baharini. Aapa kabisa. Muuguzi mmoja amweleza mpaka sura yake.

Shangazi Mwanamize: Laa haula wala quwwata. Huyo kaguswa. Mwiteni mwalimu amsomee.

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma yote. Naombeni subira, nitaandika kirefu, maana kuuguza watu wa ICU ndiyo kazi yangu kila siku na Ami Abdalla ndiye aliyenilea.

Zuhura: Kwanza, Ami si mvivu. Mtu akilala kwa mashine ya kupumulia, misuli huyeyuka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuidhani. London waliwapima paja wagonjwa 63 wa ICU, matokeo yakatoka 2013. Kufikia siku ya 10, msuli wa paja ulikuwa umepungua karibu asilimia 18. Siku 10 tu! Ami alikaa zaidi ya hapo. Sasa huo ndio mguu anaoupandishia ngazi.

Zuhura: Pili, Omar umesema mapafu safi. Ni kweli, na hilo ndilo linalowachanganya watu. Toronto, Kanada, Dkt Margaret Herridge na wenzake waliwafuatilia watu 109 waliookoka ugonjwa mkali wa mapafu. Walitoa matokeo 2003. Mapafu yalirudi karibu na kawaida ndani ya miezi 6. Watu wenyewe hawakurudi. Walitoka ICU wakiwa wamepoteza asilimia 18 ya uzito. Baada ya mwaka mzima, ukimwambia atembee dakika 6 alifika mita 422, yaani kama thuluthi mbili ya mwendo unaotarajiwa kwa mtu wa umri wake. Na waliokuwa wamerudi kazini ni kama nusu.

Ami Shee: Hao labda walikuwa wazee.

Zuhura: Hapana Ami. Umri wa katikati ulikuwa miaka 45. Waliwafuata hadi miaka 5, wakatoa tena ripoti 2011, na bado mwendo ulikuwa kama robo tatu ya kawaida.

Ami Shee: Subhanallah.

Swaleh: Miaka 5? Yaani Ami harudi kujenga tena?

Zuhura: Sikusema hivyo Swaleh. Wengi hurudi, na mwaka wa kwanza ndio mtu hupanda sana. Ninachokataa ni kumpimia Ami kwa wiki. Tukimwekea tarehe ya kushika tezo, akiikosa atajiona amekwisha.

Jirani Bi Rukia: Samahanini naingilia, kuna aliyeokota ndoo ya bluu pale gatini? Na Mzee Abdalla Mungu amponye.

Mwanaisha: Amin Bi Rukia. Ndoo sijaiona.

Shangazi Mwanamize: Zuhura, misuli nimekuelewa. Na hiyo mashua ya usiku?

Zuhura: Shangazi, hapo ndipo pananiuma zaidi, kwa sababu mgonjwa huogopa kusema asije akaambiwa ana wazimu. ICU watu huweweseka sana. Ugonjwa wenyewe, homa, dawa za kulaza, taa zisizozimwa, usingizi wa vipande vipande. Hospitali moja ya Nashville, Marekani, pamoja na nyingine ya hapo hapo, waliwachunguza wagonjwa 821, wakatoa matokeo 2013. Karibu robo tatu waliweweseka wakiwa wamelazwa. Na kadiri mtu alivyoweweseka siku nyingi, ndivyo akili ilivyochelewa kurudi baadaye.

Zuhura: Mikono huenda walimfunga kweli. Mgonjwa aliye nusu usingizini huung'oa mpira wa koo, na mara nyingine wauguzi humzuia mikono. Mimi mwenyewe siipendi, na nikiweza nakaa naye nikamshika. Sasa yeye kaamka gizani, mikono haiendi, kuna mpira mdomoni, kitanda cha upepo kinapanda na kushuka chini yake. Mtu wa bahari atafikiri yuko wapi?

Omar: Mashuani 😔

Mwanaisha: Ya Rabbi. Na mimi nilikuwa namwambia "Baba acha hayo, hayakutokea."

Zuhura: Usimbishie, wala usimkubalie kwamba walitaka kumtosa. Mwambie: "Hofu yako ni ya kweli, na hiki ndicho kilichokuwa kikiendelea siku ile." Ndilo analolihitaji. Ana siku nyingi ambazo hazimo kichwani mwake, na pengo lile limejazwa na vitisho tu.

Shangazi Mwanamize: Kwa hiyo nisimlete mwalimu?

Zuhura: Mlete Shangazi. Qur'ani itampoza moyo, na sauti anayoijua ni dawa kwa mtu wa hali hiyo. Ninachoomba ni mawili. Asiambiwe ana jini, na asiachishwe dawa wala siku ya kliniki.

Shangazi Mwanamize: Hilo nalikubali la kliniki. La jini tutazungumza mimi na wewe.

Zuhura: Sawa Shangazi, nitakupigia.

Omar: Na kusahau je? Jana kaniuliza mara tatu kama nimelipa mafundi. Baba! Alikuwa anaweka hesabu ya misumari ya chombo kizima kichwani.

Zuhura: Lipo kwenye utafiti ule ule wa Nashville. Baada ya miezi 12, mmoja kati ya watatu alikuwa na akili nzito kiasi cha mtu aliyepigwa kichwa vibaya, vijana kwa wazee. Mwaka 2010 wataalamu wa wagonjwa mahututi walikaa Marekani wakakubaliana haya matatu, mwili, akili na moyo, yahesabiwe kuwa hali moja inayomfuata mtu akitoka ICU. Mpaka leo wagonjwa wengi huruhusiwa bila kuambiwa hata neno moja. Hesabu mwandikie kwenye daftari, mpitie pamoja asubuhi akiwa hajachoka. Msimnyang'anye.

Swaleh: Tafiti zote za wazungu lakini. Huku kwetu?

Zuhura: Nyingi zimefanywa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ni kweli, na linanikera. Kwetu tunapigana mtu atoke hai, akishavuka maji kurudi kisiwani hapana anayempigia simu kumuuliza kama amelala. Ndiyo maana kazi inakuwa yenu.

Omar: Tufanye nini basi? Niambie nifanye.

Zuhura: Atembee kila siku kidogo, akishikwa. Leo kutoka kitandani hadi barazani, akizoea, hadi msikitini sala moja ya mchana. Mwaka 2009 kule Chicago na Iowa waliwainua mapema wagonjwa waliokuwa bado kwenye mashine, wakiwaamsha na kuwafanyisha mazoezi. Asilimia 59 walitoka hospitali wakijihudumia wenyewe, ilhali kundi jingine ni 35. Hiyo ni ya hospitalini, ya nyumbani ushahidi wake si mkubwa hivyo. Lakini kukaa tu hakujamrudishia mtu msuli. Mtafuteni mtu wa fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, amwonyeshe namna. Chakula mumpe samaki na mayai mara nyingi, kidogo kidogo. Na je, akinywa maji hukohoa?

Mwanaisha: Hukohoa! Na sauti imekauka tangu arudi. Nywele nazo zatoka.

Zuhura: Nywele zitaota tena, msiogope. Kukohoa akinywa ni jambo la kumwambia daktari wiki hii, msingoje siku ya kliniki. Mpira hukwaruza koo na maji yanaweza kupita njia ya pumzi. Kwa sasa anywe ameketi wima, funda dogo dogo.

Omar: Jumatatu namvusha Mokowe asubuhi.

Zuhura: Vizuri. Jambo jingine. Nchi za Skandinavia wauguzi huanza kumwandikia mgonjwa kitabu cha siku zake akiwa hajitambui: leo mkeo alikuja, leo homa imeshuka. Akipona hupewa asome. Kwenye hospitali 12 za Ulaya, ripoti ya 2010, waliopewa kitabu walioshikwa baadaye na ugonjwa wa hofu unaofuata mshtuko ni asilimia 5, wasiopewa ni 13. Ufaransa walijaribu tena kwa watu wengi zaidi, wakatoa 2019, hawakuona tofauti ya maana. Kwa hiyo sikuahidini kitu. Ila kwa mtu anayeuliza kila usiku alikuwa wapi, mimi ningempa.

Swaleh: Lakini sisi hatukuandika.

Omar: Tuliandika. Humu humu. Kila siku nilikuwa naleta habari: daktari kasema nini, nani kaja, siku walipotoa mashine. Rudini juu muone.

Mwanaisha: Wallahi yapo! Nimepanda hadi siku aliyolazwa. Kuna sauti ya Ami Shee analia.

Ami Shee: Hiyo muitoe.

Zuhura: Ami, nakuomba ibaki. Ajue nduguye alimlilia.

Ami Shee: Basi iacheni.

Swaleh: Nitanakili yote kwenye daftari kwa tarehe. Mwandiko mkubwa, macho yake yachoka haraka.

Bi Khadija (Mama Omar): Nimesoma yote wanangu. Sikuwa na nguvu ya kuandika. Mimi nami silali. Akikohoa nashtuka nadhani ile mashine imelia. Naona aibu kusema maana mgonjwa si mimi.

Zuhura: Mama Khadija, usione aibu. Ufaransa waliwauliza jamaa wa wagonjwa wa ICU siku 90 baadaye, ikatoka 2005. Mmoja kati ya watatu alikuwa na dalili hizo hizo za mshtuko. Nawe ukaonwe Jumatatu. Na usiku mpokezane, si kila siku wewe.

Shangazi Mwanamize: Leo nalala mimi pale. Khadija, nenda chumba cha Mwanaisha ufunge mlango. Omar, msinikomelee mlango wa nje, naja sasa na uji.

Ami Shee: Kesho usiku mimi. Jumatatu nitakuwa gatini saa 12 na nusu, tumshushe pamoja. Omar, mwambie nahodha asubiri maji yajae, ngazi isiwe ndefu.

Omar: Nimeshampigia. Amekubali.