Waliooana kimila hapa Nairobi na sheria ikawakwamisha, tupeane uzoefu

MamaShanga (Rongai):
Hamjambo nyote. Naanza mimi ili msione haya.

Mimi na mume wangu ni Wasamburu, kwetu ni upande wa Maralal. Mahari ilitolewa, ng'ombe wakahesabiwa mbele ya watu. Lakini dume la harusi halikuchinjwa. Kwetu dume hilo ndilo ndoa, mengine ni maneno, na wazee hawalichinji kwa msichana ambaye hajakeketwa. Mimi nilikataa kisu. Mama yangu akasimama nami, baba akanyamaza.

Ukeketaji ulipigwa marufuku na sheria ya 2011, hata wazee wanajua, chifu hachoki kuwakumbusha barazani. Sasa sikieni. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani au ya kadhi. Ila kuisajili lazima mtoe tamko kwamba mila zinazotakiwa zimetimizwa, na watie sahihi mashahidi wawili waliokuwa na kazi maalum kwenye sherehe. Mnaona nilipokwama? Baba mkwe alikataa kutia sahihi. "Dume halikuchinjwa, nitasemaje limechinjwa?" Simlaumu. Mzee hajui kudanganya.

Na sisi tulihitaji cheti, bima ya hospitali ya kazini kwake haikunikubali bila karatasi, nami nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Tukaenda Sheria House kwa msajili wa ndoa, tukaweka ilani ya siku 21, tukafunga ndoa ya serikali. Shahidi wangu alikuwa mwenzangu wa chama, aliomba ruhusa kazini kwa saa mbili.

Nikadhani yameisha. Baba mkwe aliposikia ndoa ile hairuhusu mke wa pili, alipiga simu usiku: "Mmemfunga mwanangu kamba." Mpaka leo akija Nairobi hulala kwa shemeji.

Haya, semeni na nyinyi.

JiraniWaUmoja:
Mimi nilikuja kusoma tu. Mahari yangu bado mbuzi watatu.

MamaShanga:
@JiraniWaUmoja sheria hiyo hiyo inasema mahari ya ishara tu yatosha kuthibitisha ndoa ya kimila.

JiraniWaUmoja:
Kamwambie mkwe wangu. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni, viatu mkononi.

MwanaKibra:
Sisi Wanubi wa Kibra shida yetu ilikuwa umri. Dada yangu aliolewa 1999 akiwa na miaka 16. Doluka, ngoma yetu ya harusi, ilipigwa mpaka alfajiri, akina mama wamejaa na leso zao za gurbaba, hakuna aliyeuliza chochote. Mwaka 2018 binti yake akachumbiwa akiwa na 17. Sheikh yule yule akataka cheti cha kuzaliwa! Akasema sasa ni miaka 18 kwa kila mtu, Mwislamu asiwe Mwislamu, hafungishi. Bibi yetu alimrushia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Harusi ikangoja miezi saba.

Dada hakusema kitu siku hiyo. Baadaye jikoni, anapeta mchele, akaniambia, "Huyu sheikh angekuwa hivi wakati wangu."

KijanaWaPipeline:
Nyinyi mna nafuu. Baba yangu ni mwanamke. Hakujaliwa mtoto, akaoa iweto, yaani mke anayeolewa na mwanamke mwenzake ili amzalie watoto, na iweto huyo ndiye mama aliyenizaa. Ukambani hakuna anayeshangaa, kazi iko kwenye fomu pale pa "jina la baba". Katiba ya 2010 inataja kuoana na mtu wa jinsia tofauti, basi wajomba wakaanza kusema sina shamba. Wakili akatuonyesha hukumu ya Mahakama Kuu ya Mombasa ya 2011: mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila ya Kinandi alitambuliwa kama mke kwenye mirathi. Wajomba wamepoa. Kidogo.

FundiKinoo:
Kwetu wazee hawakuwa kikwazo hata kidogo. Mimi ni Mshona, babu zetu walikuja kutoka Zimbabwe miaka ya 60 kuhubiri. Roora, yaani mahari, nililipa 2004, kanisa likatubariki, lakini sikuwa na kitambulisho, na bila kitambulisho msajili hakuoni. Mke wangu ni Mkikuyu, cha kwake anacho. Kwenye karatasi zote za watoto alikuwa mama asiye na mume, na mimi niko hapo kando yake kwenye foleni.

Desemba 2020 Rais akatangaza Washona 1,670 watapewa uraia. Kitambulisho changu kilipotoka, wenzangu walikimbilia kusajili laini za simu. Mimi nilikwenda kuulizia cheti cha ndoa. Afisa akauliza tumeoana lini. Nikamwambia. Akamwangalia kifunguamimba wangu, ameshanifikia kimo, akacheka mpaka akavua miwani.

MwanaKibra:
@MamaShanga na mzee akija mjini, kwako hafiki kabisa?

MamaShanga:
Hufika kumwona mjukuu. Chai hunywa. Nyama nikipika hagusi.