Naomba ushauri: chakula cha wapishi kadhaa na mama hali nguruwe

Hamjambo ndugu zangu. Jumamosi nampeleka mama Westlands kwenye chakula cha jioni ambapo wapishi wa mikahawa mbalimbali watapika kwa zamu, kila mmoja na sahani yake ndogo. Nimeshalipa kwa M-Pesa. Shida ni kwamba mama hali nguruwe wala hanywi pombe, na kwenye orodha naona mbavu za nguruwe kwa mchuzi wa ukwaju, tena mvinyo kwa kila sahani. Niwapigie waandaaji mapema, au nimwambie mhudumu tukishaketi? Naona mapema ni heri, maana jikoni hupima kila kitu kabla. Na huchukua saa ngapi? Mama anarudi Kitengela, sitaki ahangaike na matatu usiku. Mliowahi kuhudhuria, nisaidieni tafadhali.