Lenzi ya zamani ya makro, fokasi ya mkono: maua safi, wadudu wananishinda

Kerengende

Wakuu habari zenu. Nimepata Micro-Nikkor 55mm f/3.5, lenzi ya zamani ya Nikon ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ile ya chuma tupu, ringi ya fokasi inazunguka laini mpaka raha, nimeifunga kwenye kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) kwa adapta ya kawaida isiyo na umeme wowote ndani. Maua, sarafu, stempu, natoa picha kali sana hadi najishangaa. Tatizo ni wadudu. Nikimsogelea nyuki au nzi naona kabisa kwenye skrini jicho limekaa, nabonyeza, picha inatoka mgongo ndio mkali na jicho limeyeyuka. Nikifunga tundu la lenzi mpaka f/22 (namba kubwa, tundu dogo) ili nipate kina cha fokasi, giza linaingia, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) inapanda mpaka picha inajaa chenga na bado hata sehemu iliyo kwenye fokasi inakuwa laini laini haina makali. Halafu kingine sielewi, lenzi imeitwa ya makro lakini mwisho wake inaishia 1:2, nusu ya ukubwa halisi, hiyo nayo ni makro kweli au nimeuziwa jina? Kuna jamaa ananiambia niuze nichukue ya kisasa yenye otofokasi niachane na mateso. Nisaidieni.

mzee_wa_filamu

Usiuze mkuu. Huyo jamaa nadhani hajapiga wadudu kwa karibu, maana kwenye umbali huo otofokasi nyingi nazo zinatapatapa mbele nyuma, na wapigaji wengi wenye lenzi za kisasa wakifika hapo wanaizima wanarudi kwenye mkono kama wewe. Kinachokusumbua ni kwamba bado unazungusha ringi kutafuta fokasi. Acha. Ringi kwenye makro ni ya kuchagua ukubwa wa mdudu kwenye picha, basi, fokasi unaipata kwa mwili wako.

Yaani hivi: lenzi yako ina namba za ukubwa zimechongwa kwenye bomba lake, weka mfano 1:3 au 1:2, toa mkono kwenye ringi, sogea taratibu kuelekea kwa mdudu mpaka jicho lianze kukaza, na ubonyeze wakati linaingia, usisubiri likae kabisa ndio ubonyeze maana wakati kidole kinashuka wewe umeshapita. Piga kadhaa mfululizo ukiwa unayumba mbele kidogo tu, ukitoka na moja nzuri kwenye fungu zima hiyo ni kawaida, usivunjike moyo wala usifute kamera nzima kwa hasira.

Kwa nini unakosa: ukiwa 1:2 na f/8 kwenye sensa (kile kipande kinachonasa picha ndani ya kamera) kubwa ya milimita 36 kwa 24, kina chote cha fokasi ni kama milimita 3. Ukifika 1:1 kinabaki kama milimita 1. Pumzi yako peke yake inakusogeza zaidi ya hapo! Kwa hiyo dawa ni kuungana na mdudu. Kama yuko kwenye kijiti au jani, shika kijiti chenyewe kwa mkono wa kushoto, halafu mdomo wa lenzi uupumzishe juu ya mkono huo huo. Sasa upepo ukija mnayumba wote pamoja, umbali haubadiliki. Tripodi kwa mdudu aliye hai mimi siioni faida yake, ukimaliza kukaza miguu yake mdudu kashahama mtaa.

Tundu_f8

Mzee kamaliza upande wa fokasi, mimi niongezee kuhusu hiyo f/22 maana hapo ndipo makali yako yanapopotelea.

Namba iliyoandikwa kwenye ringi ya apecha, yaani ya hilo tundu, ni ya kweli ukiwa unapiga kitu cha mbali. Ukisogea karibu lenzi inasukumwa mbele, inakaa mbali na sensa, mwanga unaofika unapungua. Hesabu yake nyepesi, chukua namba ya apecha uizidishe kwa (1 + ukubwa). Ukiwa 1:2 ile f/22 ni f/33. Ukiwa 1:1 ni f/44. Tundu dogo hivyo mwanga ukipita unatawanyika pembeni mwa tundu na nukta moja inakuwa duara, ndio ule ulaini unaouona, lenzi haina kosa lolote na hata ungeweka mpya ya leo ingekuwa vilevile, ni tabia ya mwanga. Ndio maana pia ISO inapanda, ukiwa 1:1 tu umeshapoteza stopu 2 nzima (kila stopu ni nusu ya mwanga) kabla hujafanya chochote.

Baki f/8, ukibanwa sana f/11. Na lingine watu hawalisemi, kwa adapta yako hiyo skrini inaona kupitia tundu ulilofunga, kwa hiyo ile rangi ambayo kamera inapaka kwenye skrini kwenye kingo zilizokaa kwenye fokasi, ukiwa f/16 inapaka karibu mdudu mzima, unadhani umepata kumbe inakudanganya. Ukiwa f/5.6 au f/8 inakuwa mkanda mwembamba unaoweza kuuamini. Kukuza skrini ni sahihi zaidi lakini kwa mkono picha inatetemeka mpaka kizunguzungu, hiyo iache kwa sarafu na stempu zako.

Halafu ingia kwenye menyu uiambie kamera lenzi ni milimita 55. Adapta haina umeme, kamera haijui kitu, na kama ina kituliza-mtikisiko ndani ya sensa kitakuwa kinatuliza kwa namba ya uongo.

KivuliLaini

Nakubaliana na wote ila Tundu kwenye f/16 umekuwa mkali mno bwana. Kwa 1:2 f/16 ni kama f/24, ulaini upo ndiyo, lakini kama picha inaenda kuonekana kwenye simu nani atauona? Mimi afadhali mdudu mwenye jicho, kifua na miguu inayosomeka akiwa mlaini kidogo kuliko jicho moja kali na mwili wote uji. Ila hiyo f/16 unaipata ukiwa na FLASHI, na hapa ndipo nashangaa hakuna aliyeitaja mpaka sasa, mnahangaika na ISO za nini?

Kerengende tafuta flashi yoyote unayoweza kuipunguza nguvu mwenyewe. Weka nguvu 1/16 au 1/32, shata 1/160 au 1/200 ya sekunde kutegemea kamera yako inaishia wapi kwa flashi, ISO 100 au 200, f/11 hadi f/16. Kwa mpangilio huo, ukiwa kivulini, mwanga wa mazingira unakuwa karibu hauna kazi, kinachochora picha ni ule mmweko, na flashi ikiwa kwenye nguvu ndogo mmweko wake ni mfupi mno kuliko shata yoyote uliyoweka, kwa hiyo mtikisiko wa mkono na mbawa za mdudu vinagandishwa hapo hapo. Nusu ya shida zako zinaishia hapo bila kununua lenzi.

Ila flashi tupu inaleta madoa meupe kwenye mgongo wa mdudu, hasa mende na nyigu wanang'aa kama gari lililooshwa. Mwanga inabidi uwe mpana na uwe karibu. Chukua karatasi nyeupe, ile ya kuokea, au plastiki nyeupe ya chupa, ikunje iwe kama paa kutoka kichwa cha flashi mpaka juu ya mdomo wa lenzi, isogee karibu na mdudu kadiri unavyoweza bila kumgusa. Kwa mdudu mdogo karatasi ya ukubwa wa kiganja tayari ni mbingu nzima. Mandhari ya nyuma ikitoka nyeusi tii kama usiku, tafuta jani liwe karibu nyuma yake likamate mwanga.

Tahadhari mbili. Flashi za zamani sana, za enzi hiyo hiyo ya lenzi yako, baadhi zinarudisha volti mia mbili na zaidi kwenye kiatu cha kamera, pale flashi inapochomekwa, kamera ya kidijitali inaweza kufa, zipime kwanza au achana nazo kabisa. Na zima shata ya kielektroniki, kamera nyingi zikiwa kwenye shata hiyo, flashi haiwaki na utaanza kulaumu flashi bure.

BibiBuibui

Naona swali la 1:2 mmeliruka wakuu 😄 hilo langu.

Mdogo wangu hujauziwa jina. 1:2 ndiyo ilikuwa kawaida ya makro kwa miaka mingi. Makro-Kilar ya Heinz Kilfitt iliyotoka 1955 ilikuwa na toleo la 1:2 na toleo la 1:1. Micro-Nikkor 55mm ya kwanza kabisa, ya 1961, ilikuwa inafika 1:1 yenyewe, zilizofuata Nikon wakazirudisha 1:2 wakakupa na pete ya kuchomeka kati ya lenzi na kamera. Vivitar Series 1 90mm f/2.5, Tamron 90mm f/2.5, Zuiko 50mm f/3.5, zote hizo ni 1:2. Ukitaka ya zamani inayofika 1:1 bila kuongezewa kitu tafuta Kiron 105mm f/2.8, nzuri sana, ila wanaoijua ni wengi kwa hiyo haidumu sokoni.

Pete ya lenzi yako ni ya milimita 27.5, na namba hiyo haikuokotwa. Ukubwa unaoongeza ni urefu wa pete gawanya kwa milimita za lenzi, 27.5 gawanya 55 ni nusu, jumlisha na nusu ya lenzi yenyewe unapata 1:1. Pete haina kioo ndani, ni hewa tu, kwa hiyo haiharibu chochote, hata ya kampuni nyingine inafaa mradi isilegee. Hesabu hii inakaa vizuri kwa lenzi za zamani kwa sababu zinasukuma vioo vyote mbele kwa pamoja ukizungusha ringi. Nyingi za kisasa zinacheza vioo vya ndani kwa ndani na milimita zake halisi zinapungua zikikaribia.

Na kabla hujanunua pete, angalia sensa yako. Kama ni ndogo ya aina ya Micro Four Thirds, hiyo 1:2 inakupa eneo la kama milimita 35 kwa 26, karibu sawa na mwenye sensa kubwa akiwa 1:1. Unaweza kuwa tayari una unachokitafuta.

Kerengende

Asanteni sana aisee, nimejaribu ya kuacha ringi na kusogea mwili, nimepata buibui anaruka na macho yote manne ya mbele, sikuamini. Sensa yangu ni kubwa, kwa hiyo pete naitaka. Ila nyuki wananikimbia hata kwa 1:2, sasa 1:1 si ndio nitakuwa nawapiga busu? Na kingine, muuzaji mmoja ana 55mm f/2.8 anasema ni kali zaidi ila "ina mafuta kidogo kwenye apecha", niikwepe?

BibiBuibui

Utawapiga busu kweli. Kwa 55mm ukiwa 1:1 mdudu anabaki na sentimita 5 au 6 hivi mbele ya lenzi, na kivuli chako kiko juu yake. Nenda asubuhi na mapema, damu yao inafuata joto la hewa kwa hiyo kukiwa na baridi wanakuwa wazito, unawakuta wameshika shina na umande juu hawaendi popote. Mchana mfuate aliye bize na chakula. Ingia kwa chini, polepole, usimkatie jua. Na tafadhali wale wa kuweka wadudu kwenye friji ili watulie, mimi siwaelewi. Kama wadudu ndio mapenzi yako hasa, siku moja utaishia kwenye 90 au 105, urefu ule unakupa nafasi karibu mara mbili. Iwe na mfungo wa Nikon, M42 au Canon FD haijalishi kwako, kamera isiyo na kioo inazipokea zote kwa adapta ya bomba tupu. Usinunue adapta yenye kioo ndani.

mzee_wa_filamu

Kuhusu mafuta kwenye 55mm f/2.8, ni ugonjwa wake unaojulikana, grisi ya ringi inayeyuka inatambaa mpaka kwenye visu vya apecha. Kwenye kamera za kioo ulikuwa ugonjwa mbaya kwa sababu tundu linabaki wazi na linatakiwa lifunge ghafla ukibonyeza, visu vikigandana linachelewa na picha inaungua. Wewe kwa adapta yako tundu unalifunga kwa ringi mapema kabla ya kupiga, likichelewa nusu sekunde halikuhusu. Kwa hiyo ichunguze hivi: fungua tundu mpaka mwisho, pitisha tochi kutoka nyuma ukitazama kwa mbele kwa pembeni. Ukiona ukungu mweupe umetanda kwenye kioo cha ndani, ni mvuke wa hayo mafuta, kontrasti inakufa, achana nayo. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, achana nayo mara mbili. Kisha zungusha apecha kutoka f/2.8 hadi f/32 na kurudi, visu vikifuata hata kwa uvivu, na vioo ni safi, mwombe apunguze bei kwa hayo mafuta uichukue. Visu vikibaki vimeganda kabisa inahitaji fundi wa kuifungua, jumlisha gharama yake kwanza ndio uamue.