Mjadala: Kant na Hegel wana kazi gani leo?

Mleta mada: Wakuu, kuna wanaodai udhanifu wa Kijerumani, yaani falsafa ya Kant, Fichte, Schelling na Hegel, umebaki wa kujibia mitihani. Nakataa. Sheria ya Usalama wa Anga ya Ujerumani, iliyoanza kutumika 2005, kifungu cha 14(3), iliruhusu jeshi kuitungua ndege ya abiria iliyotekwa ikiwa itatumiwa kuua watu. Tarehe 15 Februari 2006 Mahakama ya Katiba ilikibatilisha: abiria wasio na hatia wangegeuzwa vitu vya kuwaokolea wengine, na Ibara ya 1 ya Katiba ya 1949 inasema utu wa binadamu haugusiki. Huyo ni Kant wa 1785, aliyeandika kwamba mtu asitumiwe kama njia tu, bali daima pia kama lengo. Je, Mahakama ilipatia?

Mpinga hoja: Haikupatia. Abiria hao wamebakiwa na dakika chache hata ndege isipotunguliwa. Ukikaa kimya wanakufa wao na walio chini. Kanuni inayokataza kuhesabu maiti ni anasa ya watu walio mbali na tukio. Na hilo la kutomtumia mtu, mbona kila siku tunamtumia dereva wa daladala kufika kazini?

Mwalimu wa falsafa: Ndugu, umedondosha neno moja: "tu". Kant hakatazi kumtumia mtu. Anakataza kumtumia kama njia tu, bila kumhesabu pia kuwa lengo. Dereva amekubali nauli na angeweza kukataa. Abiria wa ndege ile hakuulizwa.

Ila silaha kali zaidi dhidi ya Kant umeiacha, nikuazime. Kipimo chake cha kwanza huenda hivi: itamke kanuni unayoifuata, pamoja na tendo, mazingira na lengo, ifanye sheria ya watu wote, kisha tazama kama bado inasimama. "Nikibanwa nitakopa kwa ahadi ya kulipa, huku nikijua silipi" inaanguka, kwa sababu wote wakifanya hivyo hakuna atakayeamini ahadi, na ujanja wenyewe unakosa pa kushika. Kinachoharibika mara nyingi ni hatua ya kwanza. Ukiibana kanuni mno, kwa kutaja jina lako na Jumanne hii, uongo wowote unapita. Ukiipanua mno, hata jambo lisilo na dhara linakwama: "nitanunua vitu, sitauza kamwe" haiwezi kuwa sheria ya wote, lakini nani amekosa? Hegel, katika falsafa yake ya haki, alikiita kipimo hicho kitupu: wizi unajipinga pale tu ambapo umeshakubali kwamba mali iwepo. Ndiyo maana aliyahamishia maadili kwenye familia, jumuiya ya raia na dola.

Mwanasheria: Tusimpe Kant sifa zote. Hukumu ile ilisimama kwa miguu miwili. Mmoja ulikuwa wa mamlaka: serikali ya shirikisho haikuruhusiwa kutumia silaha za kivita katika maafa ya ndani. Mguu huo Mahakama hiyohiyo iliulegeza Julai 2012, kwa maafa ya kipekee. Mguu wa utu haukuguswa. Isitoshe, Mahakama ilisema kama ndani wamo watekaji peke yao, kuitungua hakuvunji utu wao, kwa kuwa wanabebeshwa matokeo ya uamuzi wao wenyewe.

Mhandisi wa programu: Hapo mnaingia kwangu. Mwaka 2017 kamati ya maadili iliyoundwa na wizara ya uchukuzi ya Ujerumani ilitoa kanuni 20 za magari yanayojiendesha. Ya 9 inakataza, ajali isipoepukika, kuchagua wa kugonga kwa umri, jinsia au hali ya mwili. Hilo linatekelezeka: sifa hizo zisiingie kabisa kwenye data ya kuamulia. Lakini kanuni hiyohiyo inasema kuliandaa gari kwa jumla lipunguze majeruhi huenda kukakubalika, ilimradi wasiohusika na hatari wasitolewe kafara. Sasa kamera itamjuaje "asiyehusika" ndani ya sekunde moja? Aliyevuka taa ikiwa nyekundu tumweke wapi?

Mchangiaji mwingine: Na huo utu hatukuletewa na meli. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 12(2), inataja mtu kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Kutambuliwa ndiyo hoja kuu ya Hegel ya 1807, kwamba mtu hujijua kuwa mtu kwa kutambuliwa na wenzake, na Hegel huyohuyo alifundisha Berlin kwamba Afrika si sehemu ya historia ya dunia. Msomeni, lakini kurasa hizo msiziruke.

Mpinga hoja: Nakubali kuhusu "tu". Mhandisi lakini amenipa nguvu: kamati iliruhusu kuhesabu mapema, kabla abiria yeyote hajajulikana, ila ikakataza kuhesabu wakiwa mbele yako. Kama ni halali kiwandani, Mwalimu, nionyeshe ni hatua ipi ya Kant inayoifanya haramu barabarani.